Jazi ya Masoko na Wanachama Wake 53

Kwetu Masoko ukitaja jazi, hakuna anayemfikiria Miles Davis wala New Orleans. Jazi ni bendi. Gitaa la umeme likilia kwenye harusi, mzee aliyekaa mgombani atasema, "Jazi imeanza." Hata kijana akija na spika na kompyuta tu, hiyo nayo ni jazi. Nimekua na neno hilo kwa maana hiyo. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam, nikakutana na watu wanaoizungumzia jazi kwa sauti ya chini kama wako maktaba, nilidhani wanazungumzia kitu kingine kabisa. Siku hizi ninaona wazee wa kwetu walikuwa na hoja kubwa kuliko nilivyowapa.

Angalia majina ya bendi za zamani. Dar es Salaam Jazz, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Morogoro Jazz, 1944. Halafu Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga. Ukizisikiliza leo utasikia rumba, cha-cha, twisti, gitaa zinazosemezana, saksafoni mbili tatu zinazoitikia. Mwanamuziki wa Marekani angeuliza, jazi iko wapi hapo? Lakini nyingi za bendi hizo zilianza kama klabu. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Mtu alikuwa mwanachama wa jazi kama alivyokuwa mwanachama wa timu ya mpira, na kulikuwa na watu ambao hawakujua kupiga hata manyanga lakini kadi ya uanachama wanayo mfukoni. Yaani jazi ilikuwa muziki, na ilikuwa pia watu waliokubaliana kuubeba.

Ninayaleta haya kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anapuliza saksafoni Masoko na kwa miaka mitatu sasa anajaribu kusikika akiwa hukohuko. Sitamtaja jina. Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi yetu kumpigia debe ndugu yako ni jambo la aibu, hata kama ndugu mwenyewe anapuliza vizuri. Ameniomba mara nyingi. "Dada, si uandike hata aya mbili?" Mhariri wangu wa zamani alikuwa na jibu lake tayari: jazi haina wasomaji. Basi hapa nitaandika juu ya namna anavyojitangaza, na yeye mwenyewe abaki bila jina.

Kwa asiyepajua: Masoko iko kilomita kama 15 kutoka Tukuyu, ukishuka njia ya kwenda Ipinda na Matema. Kuna ziwa dogo la duara, Kisiba, lililojaa kwenye shimo la volkano ya zamani, na kando yake kuna boma la mawe la Wajerumani. Watalii wachache wanaokuja huletwa na hadithi ya hazina ambayo inasemekana Wajerumani waliitupa ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sisi tunaoishi na hilo ziwa tunajua hazina ya uhakika ni mvua. Inanyesha Rungwe mpaka unasahau rangi ya mbingu. Ndiyo inayotupa ndizi, chai na parachichi. Ndiyo pia inayoharibu rekodi za mdogo wangu, maana nyumba ya mama mdogo imeezekwa bati, na hakuna maikrofoni inayoshindana na mvua ya Tukuyu juu ya bati.

Alijifunza kupuliza kanisani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakaja na jadi yao ya matarumbeta, ile ya kupuliza makaburini alfajiri ya Pasaka. Mdogo wangu alianza na tarumbeta akiwa na miaka 11, akalijua, akaanza kusikia kwenye simu watu wanaopuliza kitu kingine chenye sauti kama ya mtu anayelalamika. Saksafoni yake aliinunua Mbeya kwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi. Ilikuwa na pedi mbili zilizokufa. Alizitengeneza mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi na gundi ya fundi viatu. Mchana anapima parachichi kwa mnunuzi. Jioni anapuliza.

Na hapa lazima nimtaje babu, mzaa mama, kwa sababu watu husema mdogo wangu "ameiga mambo ya intaneti". Babu alikwenda Johannesburg kwa WENELA, shirika lililokuwa likiandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vijana wengi wa Rungwe walipita njia hiyo mpaka serikali ilipoisitisha baada ya Uhuru wa 1961. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na cherehani. Babu alirudi na gramafoni na santuri kumi na kitu, zikiwemo za Spokes Mashiyane, yule aliyewapa Wasauzi kwela kwa filimbi ya bati kisha akahamia kwenye saksafoni miaka ya 1950 ikielekea mwisho. Kwa hiyo saksafoni ya Johannesburg ilishafika Masoko kabla umeme haujafika. Ilisafirishwa na mtu, ndani ya sanduku la mbao, ikachezwa uani mbele ya majirani, na kila jirani alijua santuri ile ni ya nani na imetoka wapi. Huo ulikuwa mtandao. Ulikuwa wa polepole na wenye watu wachache, lakini kila aliyekuwamo alikuwa na sura.

Mtandao wa mdogo wangu ulianza kinyume. Mwaka wa kwanza alifanya yote yanayofundishwa kwenye zile video za "jinsi ya kukuza chaneli yako". Kila Jumamosi klipu moja YouTube, kipande chake Instagram, kipande kifupi zaidi TikTok. Alipanda kilimani juu ya ziwa kutafuta mnara wenye kasi, kwa bando la elfu mbili, akasubiri video ipande asilimia kwa asilimia. Alijiunga na makundi ya wapiga saksafoni duniani. Aliweka alama za reli kama wanavyoelekeza, za jazi, za Afrika, za machweo. Alinitumia takwimu zake kila mwisho wa mwezi kama karani wa chama cha ushirika. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa na wafuasi 212.

Nilizoea kazi ya takwimu za namna hiyo, kwa sababu hata magazeti yetu siku hizi yanaishi kwa kubofywa. Nikamfanyia hesabu. YouTube inataka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo video za kawaida zianze kukuletea fungu la matangazo. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, tangu 2024 hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa mpiga jazi wa vijijini, hizo elfu ni mlima. Msanii wa bongofleva anaweza kuzifikisha kwa siku moja kwa sababu ana redio, ana madansa, ana shabiki ambaye tayari anajua acheze vipi. Mpiga saksafoni wa dakika saba bila maneno anaanza na nani?

Halafu likaja la malipo. Alirekodi nyimbo nne, akaziweka kwenye duka moja la muziki la mtandaoni ambapo msikilizaji anamlipa msanii moja kwa moja. Watu watatu wakanunua. Watatu tu, lakini walikuwa wageni kabisa, mmoja wao kutoka Ureno, na siku ile mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku. Pesa zikakwama. Kampuni ya malipo iliyotumika ilimruhusu, kwa akaunti aliyofungua Tanzania, kutuma pesa lakini si kupokea. Aliandika barua pepe nne. Akajibiwa na mashine, kwa adabu sana, kwamba nchi yake haijawezeshwa. Video yake moja nayo ikawekewa alama ya haki miliki, eti tenzi aliyoipuliza ni mali ya mtu mwingine. Tenzi yenyewe ina umri kuliko gari la kwanza kufika Tukuyu.

Wakati huo ndipo nilipoanza kusoma habari za Maria Schneider. Ni mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi wa New York. Mwaka 2004 alitoa albamu ya Concert in the Garden bila kampuni ya kurekodi na bila kuipeleka kwenye duka lolote. Iligharamiwa na wasikilizaji kupitia mtandao wa ArtistShare, ikauzwa kwenye intaneti pekee, na mwaka uliofuata ikashinda Grammy, ya kwanza kufanya hivyo kwa namna hiyo. YouTube ilikuwa haijazaliwa. Habari hii husimuliwa kama ushindi wa teknolojia. Mimi kilichonivutia ni kile walichokuwa wananunua wale wasikilizaji. Walilipia kuona kazi ikitengenezwa: rasimu za noti, mazoezi, maelezo ya mtunzi juu ya kwa nini amefuta hapa na kuongeza pale. Kwa lugha ya Masoko, walikuwa na kadi za uanachama.

Nilimweleza mdogo wangu. Akacheka. "Dada, huyo yuko New York. Mimi nina mnunuzi wa parachichi."

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwenye ushauri wangu. Usiku mmoja alipata ujumbe chini ya klipu ya zamani, ile aliyopuliza tenzi ya mazishi, umeandikwa kwa Kinyakyusa. "Ugonile." Aliyeandika ni mama mmoja wa huku kwetu anayetunza wazee Birmingham, Uingereza. Mdogo wangu akamjibu kama unavyomjibu mtu mzima wa kijijini: akamsalimu kwanza, akauliza nyumbani kwao ni wapi, akamtaja mjomba wanayefahamiana. Wakaandikiana wiki mbili tatu. Kisha mama yake yule dada akafariki, hapa hapa Masoko, naye ruhusa ya kazi hakupata. Akamwomba mdogo wangu apulize makaburini, na mtu ashike simu ili aone.

Nilikuwapo likizo, na simu niliishika mimi. Mvua ilianza wakati wa kuweka udongo. Mdogo wangu hakukatisha. Alisogea chini ya turubai, akapuliza ubeti wa mwisho polepole kuliko kawaida, na katikati yake akaingiza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha tenzi, noti tatu za kushuka ambazo nilizitambua kutoka kwenye zile santuri za babu. Waombolezaji wakaitikia kwa sauti ya chini, wanawake kwanza. Ile video ya dakika 40, ya kutikisika, yenye mvua na kikohozi cha watu, ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: Kyela, Mbeya, Dar, Lusaka, Birmingham. Haikuwa na alama ya reli hata moja.

Ndani ya mwezi mmoja watu 64 walikuwa kwenye kundi. Sikuamini nilipoona kwamba jambo la kwanza walilofanya ni kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu, mwalimu mstaafu wa Tukuyu, anaandika muhtasari wa kila mjadala na kuutuma umepangwa kwa namba. Mchango ni shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayeweza. Na hela inafika! Yule mama wa Birmingham akituma, dakika chache simu ya mdogo wangu inalia. Hapa kuna jambo ambalo nimelifikiria sana. Njia ya pesa inayomkubali apokee kama ndugu ni wazi kabisa, imetengenezwa vizuri, kuna kampuni zinashindana kuipunguzia ada. Njia ya kumruhusu apokee kama muuzaji wa muziki ilifungwa. Kwa hiyo yule Mreno aliyeupenda muziki wake bila kumjua hakuweza kumfikishia chochote, lakini mtu aliyemjua mjomba wake aliweza. Nimewahi kuwasikia wataalamu kwenye semina wakisema intaneti imeondoa mipaka kwa wasanii. Waje Masoko wajaribu kumlipa mtu.

Kwa miezi sita kundi lilinunua maikrofoni, kadi ya sauti na magodoro mawili ya kuziba chumba. Mvua ikawa inasikika kwa mbali tu. Mdogo wangu akapata pia mwenzake wa kupiga naye, mpiga kinanda wa Kisumu waliyekutana kwenye moja ya yale makundi ya mwaka wa kwanza. Hawajawahi kuonana. Mmoja anarekodi, anatuma faili, mwenzake anaongeza yake juu. Walijifunza kwa taabu kwamba WhatsApp ikituma sauti ya kawaida inaibana na kuivuruga, na kwamba dawa ni kuituma kama waraka. Kenya wana mazingira yaliyosogea: tangu 2014 Nairobi ilipata tamasha kubwa la jazi lililodhaminiwa na Safaricom, na vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho walipandishwa jukwaa moja na wageni. Uganda wana Isaiah Katumwa, aliyejifundisha saksafoni mwenyewe na kuwa jina linalojaza ukumbi. Kijana wa Kisumu anawajua watu hao kwa macho. Wa Masoko anawajua kwa simu.

Basi wakatoa kazi yao ya kwanza. Dakika saba na nusu, hakuna neno hata moja, inaanza na saksafoni peke yake inayozunguka kama inatafuta mlango, kinanda kinaingia dakika ya pili. Mdogo wangu aliiweka kwenye kundi Ijumaa jioni. Alama za buluu zikajaa. Kimya. Saa tatu usiku mzee mmoja wa Kyela akauliza, "Kijana, wimbo wenyewe unaanzia wapi?"

Kilichofuata ni ugomvi wa wiki nzima, wa heshima lakini ugomvi. Wengi walikuwa wamejiunga kwa ajili ya tenzi. Walitaka sauti ya mazishi, ya harusi, ya Pasaka, sauti inayowarudisha nyumbani kwa dakika nne. Mmoja aliuliza kama michango inatumika kwa mambo ya walevi. Mweka hazina akapendekeza kwa nia njema kabisa kwamba kazi za kutunga ziwe "baada ya kukamilisha tenzi zote kitabuni". Mdogo wangu alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Dada, nilitafuta watu wa kunisikiliza. Nimepata waajiri."

Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba jambo hilo lina umri. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wakawa na mshahara, jambo kubwa sana kwa wakati ule, lakini vyombo na jina vilikuwa vya chama. Mbaraka Mwinshehe aliipeleka Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, akiwa nyota isiyo na mfano, na bado mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano. Miaka michache tu alibakiwa nayo. Ajali ya gari ilimuua Mombasa Januari 1979. Redio Tanzania iliwarekodi karibu wote hawa na kuwafikisha kila kijiji chenye betri, lakini kanda zilibaki redioni. Mwanamuziki wetu amekuwa akisikika mbali kupitia mikono ya wengine, na kila mkono umekuwa na matakwa yake. Anayejiita wa kujitegemea leo amewatoa wote hao, kisha anakuta ameachiwa kazi zao zote: kurekodi, kutangaza, kukusanya, kuandika barua pepe kwa mashine. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Azimio la Arusha la 1967, ambako kujitegemea hakukuwa kwa mtu mmoja hata kidogo. Kulikuwa kwa kijiji na kwa taifa. Ni sisi tuliolipa maana ya kuachwa peke yako.

Mdogo wangu hakuondoka kwenye kundi, wala hakurudi kwenye tenzi tupu. Alifanya kitu ambacho nilikitambua mara moja, ingawa anakataa kwamba alikitoa kwa Maria Schneider. Kila Alhamisi akawa anatuma ujumbe wa sauti, dakika tatu au nne, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, akieleza ule wimbo kipande kwa kipande. Hapa, anasema, nimechukua besi ya tenzi mnayoijua, nimeiondoa juu nikabakiza chini. Anaipuliza. Hapa nimeigeuza. Anaipuliza tena. Hizi noti tatu ni za babu yetu, alizileta kutoka Johannesburg, na yule mama tuliyemzika alizisikia uani kwetu akiwa msichana. Hapa kinanda kinanijibu, msikilize, yuko Kisumu, hanioni.

Wiki ya tano yule mzee wa Kyela akaomba wimbo urudishwe kundini kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa akaufuta. Watu 11 walijitoa, wengine kwa kuaga vizuri, mmoja kwa hasira. Wamebaki 53. Muhtasari wa katibu, kipengele cha nne, unasema imekubaliwa kwamba Jumapili moja itakuwa ya tenzi na Jumapili inayofuata "ya kijana mwenyewe". Sijawahi kusoma uhakiki wa jazi ulionifurahisha kuliko kipengele hicho.

Sitaki kuipamba. 53 mara 5,000, tena si wote wanaotoa kila mwezi, haitoshi kuendesha maisha ya mtu, na mdogo wangu bado anapima parachichi. Lakini nimeanza kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya matangazo inayachanganya. Kuna kuonekana, na kuna kuitikiwa. Wale 212 walimwona. Hawa 53 wanamwitikia, wanambishia, wanamuuliza wimbo unaanzia wapi. Kizazi cha wazazi wetu kilikijua kitu hiki kwenye kadi za salamu za redioni. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya watu kumi, akaisubiri isomwe, na wale kumi wakajisikia wanadaiwa kurudisha. Hakuna aliyekuwa maarufu kwa hizo salamu nje ya wapenzi wake, lakini kila jina lilijibiwa. Mwanamuziki wa jazi, ambaye muziki wake wote umejengwa juu ya mtu kupiga na mwenzake kujibu, nadhani anahitaji hilo la pili kuliko la kwanza.

La kwanza nalo lina kazi yake. Mwezi uliopita hoteli moja ya Dar es Salaam iliona klipu yake ya zamani, moja ya zile za machweo ya ziwani, ikamwita apige kwa miezi mitatu, usiku tatu kwa wiki. Malipo ya mwezi mmoja yanazidi msimu mzima wa parachichi. Wanataka nyimbo maarufu za nje, zile ambazo mgeni anazitambua akiwa na glasi mkononi. Mdogo wangu alilipeleka suala hili kundini. Walijadili siku tatu. Mwenyekiti alihofia kwamba Dar haimrudishi mtu. Yule mama wa Birmingham aliandika kwamba yeye anajua kufanya kazi ya watu mbali na nyumbani, na kwamba aende, ila aendelee na Alhamisi zake.

Aliwaandikia hoteli akiomba nyimbo mbili zake mwenyewe kila usiku. Wamekubali mmoja. Kundi limemchangia nauli ya basi na pedi mpya za saksafoni, za kweli safari hii, na katibu ameshaandika kwenye muhtasari kwamba mwanachama aliyeko Dar, yaani mimi, nitampokea stendi ya Magufuli na kumpa chumba. Mchango wangu wa mwezi huu bado sijalipa. Nimekumbushwa mara mbili.